Marehemu Luseno Dhidi ya Serikali

Triza Muhonja alikaa na marehemu mumewe miaka miwili, nyumba moja na kitanda kimoja, bila kujua kwamba ni marehemu. Alimpikia. Alimfulia maovaroli yenye grisi. Alimgombeza kwa kuvua viatu katikati ya mlango. Na marehemu mwenyewe, Ezekieli Luseno, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sabuni pale Baba Dogo, hakuonyesha dalili yoyote ya hali yake. Alikoroma vizuri tu, na ugali alikuwa akiongezewa.

Msiba huo waliugundua mwaka wa 2018, na waliugundua kwa sababu ya arusi.

Walikuwa wameishi mtaa wa Lucky Summer miaka ishirini na sita. Walikuwa wamemlea binti yao, Jacky, mpaka akaolewa yeye kwanza, tena kanisani, kwa gauni refu na keki ya ghorofa tatu, huku wazazi wake wameketi kiti cha mbele bila cheti chochote cha kuonyesha kwamba wanajuana. Kanisa lao lilikuwa na utaratibu wake kuhusu watu kama hao. Muhonja aliruhusiwa kupika chai ya mkutano wa chama cha akina mama. Aliruhusiwa kupanga viti vya mkutano huo na kuvifuta vumbi. Kukikalia kimojawapo mkutano ukianza, hilo ndilo lililohitaji ndoa takatifu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akisikiliza maazimio ya chama kupitia dirisha la jikoni, akiwa ameshika birika.

"Mama Jacky," Kasisi Javan alimwambia siku moja, "mimi naona aibu kukuona huko jikoni. Njooni niwafungishe. Leteni tu karatasi za serikali."

Basi wakaenda, wamevaa vizuri, hadi Idara ya Kumbukumbu za Raia. Karani aliyewahudumia aliitwa Kasiva, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliingiza namba ya kitambulisho cha Muhonja kwenye kompyuta, ikakubali. Akaingiza ya Luseno. Akaingiza tena. Halafu akavua miwani na kumtazama Muhonja kwa macho ya huruma.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya kufiwa."

Luseno aliinamia kaunta. "Nani amekufa?"

Kasiva alitazama kompyuta, akamtazama Luseno, akarudi kwenye kompyuta ambayo bila shaka aliiamini zaidi. "Wewe, mzee."

Habari yenyewe haikuwa ngumu. Mwaka wa 2016 Luseno aliibiwa pochi soko la Gikomba, na ndani mlikuwa na kitambulisho chake. Alipiga ripoti, akapewa kadi nyingine, akasahau. Mwizi naye, siku chache baadaye, alikanyagwa na lori. Mochari walimpekua, wakapata kitambulisho, wakamwandika Ezekieli Luseno. Walingoja jamaa zake waje. Jamaa za Ezekieli Luseno walikuwa nyumbani wakila naye chakula cha jioni, kwa hiyo hawakuja. Jiji likamzika. Cheti kikatolewa, kikapigwa muhuri, kikaingia kwenye mtambo, na mtambo haukuwa na tabia ya kuuliza maswali.

"Lakini niko hapa," Luseno alisema. "Unaniona."

"Nakuona, mzee wangu," Kasiva alisema kwa upole wa kweli. "Lakini mimi sina mamlaka ya kukuona."

Idara, alieleza, ilipewa mamlaka ya kusajili vifo vilivyoletwa. Haikupewa mamlaka ya kuvirudisha. Kwa hilo ilibidi waende mahakamani.

Wakaenda. Hakimu wa kwanza alimsikiliza Luseno dakika kumi nzima, akatikisa kichwa, akasema kwamba suala la mtu kuwepo au kutokuwepo ni la kikatiba, na yeye hana mamlaka nalo. Jaji wa mahakama ya juu zaidi akasema mamlaka anayo, ila kwa mujibu wa kumbukumbu za nchi mlalamikaji ni marehemu, na kesi za marehemu huletwa na msimamizi wa mirathi yake. Yaani Muhonja aende akaombe kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe ili apate nafasi ya kuthibitisha kwamba hakuna mirathi. Na ili awe msimamizi alitakiwa kuleta vitu viwili: cheti cha kifo, ambacho ndicho walichokuwa wakikipinga, na cheti cha ndoa, ambacho ndicho walichokuwa wakikitafuta. Walipokata rufaa, majaji watatu waliitupilia mbali kwa sababu ililetwa siku tisa baada ya muda kupita, wakaongeza kwamba wanaelewa mlalamikaji alikuwa na matatizo ya kibinafsi.

Miaka minne ilikwenda hivyo. Muhonja alizidi kuwa mkali na Luseno alizidi kunyamaza. Benki ilimfungia akaunti. Laini yake ya simu ilizimwa, ikabidi atumie iliyosajiliwa kwa jina la Muhonja, kwa hiyo kila aliyempigia alimsalimia kama Mama Jacky. Alipougua presha, daktari wa zahanati alitazama kompyuta na kumuuliza kwa nia njema kama ana kadi ya mtu mwingine. Jioni hiyo walikuwa wameketi sebuleni, runinga ikipiga kelele peke yake, na Luseno akasema taratibu:

"Mama Jacky, unadhani hawa watu wanaweza kuwa wanajua kitu ambacho mimi sikijui?"

Muhonja aliinuka, akamfinya mkono kwa kucha zote, kwa nguvu, mpaka mzee akapiga yowe.

"Haya," akasema. "Maiti hailii. Kesho tunatafuta wakili."

Wakili waliyempata aliitwa Owen Kabiru. Ofisi yake ilikuwa Buruburu, juu ya duka la dawa. Ukutani alikuwa na picha kumi na moja, na katika zote kumi na moja alikuwa yeye akizungumza kwenye maikrofoni. Alisikiliza kisa chote akiwa ameshika kidevu. Walipomaliza, macho yalikuwa yanamng'aa.

"Hii kesi ni tamu sana," alisema. "Samahani, mzee. Ni mbaya sana. Lakini kisheria ni tamu."

Akawaambia habari ya mahakama ya kimataifa ya haki za binadamu, ile iliyoko Arusha, ambayo ilianzishwa na nchi za bara hili ili mtu aliyedhulumiwa na nchi yake apate pa kulilia. Nchi yetu ilikubali mkataba wake zamani. Mtu akishazungushwa na mahakama za kwao mpaka zikaisha, anaweza kugonga mlango wa kule.

"Na wao hawatasema hawana mamlaka?" Muhonja aliuliza. Neno hilo sasa alilijua kuliko jina la mjukuu wake.

"Hilo watajiuliza kwanza kabla ya lingine lolote," Owen alisema. Alipanga vitu vinne mezani: kalamu, stepla, simu yake na kikombe cha Luseno. "Kila mahakama ya namna hii hujiuliza mara nne. Moja, je, jambo hili ni letu? Kuna haki iliyovunjwa ambayo imeandikwa kwenye mkataba? Ipo: haki ya kila binadamu kutambuliwa kuwa mtu. Mbili, lilitokea lini? Lilitokea nchi ikiwa imeshakubali mkataba. Tatu, lilitokea wapi? Hapa hapa, ndani ya mipaka. Nne, ni nani anamshtaki nani?"

Alifika kwenye kikombe, akakirudisha kwa mwenyewe haraka kidogo.

"Na nani huamua kama majibu yanatosha?" Luseno aliuliza.

"Mahakama yenyewe. Ina mamlaka ya kuamua kama ina mamlaka."

"Na hayo mamlaka ya kuamua ilipewa na nani?"

"Iliamua kwamba inayo."

Luseno alitikisa kichwa kwa heshima. Mashine za kiwandani zilikuwa na aibu zaidi. Zilingoja mtu azibonyeze.

"Rudi kwa hilo la nne," Muhonja alisema. "Umelipita mbio."

Owen alikohoa. "Kuna kifungu kidogo. Nchi ikikubali mkataba, inatakiwa itie sahihi karatasi nyingine ya pembeni, tamko, ya kuruhusu raia wake waende kule moja kwa moja. Yetu bado haijatia."

"Kwa hiyo Serikali ilikubali ishtakiwe, ila na sisi haikukubali."

"Ukiliweka hivyo linasikika vibaya. Lakini mimi nina hoja mpya kabisa. Nikiishinda hii, mama, watu watasoma jina la mzee vyuoni."

"Mimi nataka lisomwe kanisani tu," Muhonja alisema. Lakini walitia sahihi, kwa sababu milango mingine yote walikuwa wameshaigonga.

Owen alituma maombi Machi 2022. Kazi aliifanya, tusimwonee. Kurasa sitini na mbili, na ndani yake mtu angeweza hata kupata jina la Luseno ikiwa ana subira. Serikali ilichukua miezi saba kujibu, na ilipojibu haikusema lolote kuhusu lori, wala mochari, wala cheti. Ilileta pingamizi la awali. Ilisema Mahakama haina mamlaka, na ili kuwa na hakika ikaisema kwa njia mbili. Kwanza, nchi haijatia sahihi tamko. Pili, hata kama ingekuwa imetia, mleta maombi alifariki mwaka wa 2016, na Itifaki, yaani ule mkataba wa Mahakama, haina kifungu kinachoruhusu marehemu kufungua kesi.

Muhonja aliisoma hiyo ya pili akiwa amesimama jikoni. Aliisoma mara tatu. Kisha akaukunja ule ukurasa na kuutia kwenye mkoba anaokwenda nao kanisani, pamoja na Biblia, akisema anataka kuuombea.

Waliitwa kusikilizwa Februari 2024. Walikwenda watatu, kwa basi la asubuhi. Pale Namanga afisa wa mpakani alichukua kadi ya Luseno, akatazama picha, akatazama uso, akagonga muhuri. Ilikuwa ofisi ya kwanza kwa miaka sita kutumia macho.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa baridi na safi. Majaji walikuwa wengi, wamevaa majoho, kila mmoja na chupa yake ya maji. Kulikuwa na wakalimani ndani ya vibanda vya vioo, na Muhonja alipovaa visikizi vya masikioni alisikia kesi ya mumewe ikizungumzwa kwa lugha ambazo hata lori lile halikuwahi kuzisikia. Upande wa Serikali aliketi wakili mmoja, Bwana Mbuthia, mwanamume mnene mwenye tai ya kijani na kikohozi cha adabu. Alisimama, akaeleza habari ya tamko kwa dakika ishirini. Kisha akaingia kwenye hoja yake ya pili.

Jaji aliyeketi katikati, mama mmoja mwenye mvi fupi, alimkatiza.

"Wakili, ngoja kidogo. Mleta maombi yuko hapa ukumbini?"

Owen alimgusa Luseno. Luseno alisimama, akashika kofia mbele ya tumbo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Huyu ndiye unayesema amefariki?"

Bwana Mbuthia aligeuka, akamtazama. Walikuwa hatua nne tu. Ukumbi mzima ulimngoja. Muhonja alimwona akipiga hesabu: akisema ndiyo, atakuwa wakili aliyebishana na maiti iliyosimama, na kuna waandishi wa habari wawili nyuma. Akisema hapana, hoja ya kwanza bado anayo, na ya kwanza pekee inatosha.

"Mheshimiwa Rais wa Mahakama," alisema, "Serikali haipingi kwamba mleta maombi yu hai. Tunakubali ni raia wetu, tena tunamtakia afya njema. Hoja yetu ni kwamba hana ruhusa ya kuwa hapa."

"Kwa hiyo unaiondoa hoja ya pili?"

"Naiondoa."

"Ilete kwa maandishi kabla ya Ijumaa."

Luseno aliendelea kusimama mpaka Owen akamvuta suruali. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Muhonja alidhani ni baridi ya ule ukumbi, akamvisha shali yake mabegani, naye hakukataa.

Wakati wa mapumziko Muhonja alimkuta Bwana Mbuthia kwenye meza ya chai akijiwekea sukari. Owen alikuwa amemwonya asizungumze na upande wa pili. Owen alikuwa nje akihojiwa.

"Shikamoo, baba," alimsalimia, ingawa walikuwa rika moja.

Bwana Mbuthia aliduwaa. "Marahaba, mama."

"Umesema yu hai. Nimekusikia kwa masikio yote mawili, na tafsiri juu."

"Nimesema hivyo, ndiyo."

"Hiyo ya maandishi utakayoandika, usiandike kwamba hampingi. Andika kwamba yu hai. Kutopinga ni maneno ya mtu anayekimbia. Na muipige muhuri. Kwenu huko karatasi bila muhuri ni ya kufungia mandazi, nimejifunza."

Bwana Mbuthia alikoroga chai yake muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi. "Mama, unajua nitashinda hii kesi?"

"Najua. Ushinde tu. Mimi sikuja kukuzuia."

Uamuzi ulitoka Juni. Hawakwenda tena Arusha. Waliutazama kwenye kompyuta ya Owen kule Buruburu, wote watatu wamebanana mbele ya kioo. Mama yule mwenye mvi alisoma kwa karibu saa nzima. Mahakama ilianza kwa kuamua kwamba ina mamlaka ya kuamua kuhusu mamlaka yake, na hapo hakuna aliyeipinga. Kuhusu jambo lenyewe, ilisema haki ya kutambuliwa kuwa mtu imeandikwa wazi, kwa hiyo mamlaka inayo. Owen alipiga ngumi mezani. Kuhusu wakati, ilisema kosa halikuisha mwaka wa 2016, bali linaendelea, maana mleta maombi huamka kila siku akiwa bado marehemu kwenye kumbukumbu, mamlaka inayo. Owen alisimama. Kuhusu mahali, ilisema lori, mochari na mtambo vyote vilikuwa ndani ya mipaka ya nchi, mamlaka inayo. Owen alianza kuandika kitu kwenye simu.

Kuhusu mtu, ilisema haina. Nchi haikutia sahihi tamko. Bila tamko, mtu binafsi hawezi kuishtaki, hata awe amedhulumiwa namna gani, na Mahakama haiwezi kujipa yenyewe kile ambacho nchi haijaipa. Ilisikitika. Maombi yakaondolewa.

Luseno alingoja kidogo, labda kuna kingine. Kioo kikawa cheusi.

"Kwa hiyo wana mamlaka juu ya kifo changu," alisema, "juu ya siku niliyokufa na mahali nilipofia. Isipokuwa mimi."

"Kwa ufupi," Owen alisema.

"Wangeanza na hilo la nne, wangekuwa wamemaliza kwa dakika tano."

"Mzee, msikate tamaa. Kuna Tume, iko Banjul. Yenyewe haihitaji tamko. Tukipeleka malalamiko kwa Tume, na Tume ikiyapeleka Mahakamani, Mahakama itakuwa na mamlaka. Ni miaka michache tu."

"Banjul ni wapi?"

"Gambia."

Luseno alivaa kofia yake. Muhonja hakuinuka. Alikuwa akitazama faili nene mezani.

"Owen, nataka kuona karatasi zote. Kila moja iliyotoka kwa Serikali."

"Ni za kawaida tu, mama. Barua za kukiri kupokea, barua za kuomba siku zaidi..."

"Nionyeshe hizo za kawaida."

Ilikuwa karibu na chini kabisa. Ukurasa mmoja, wa tarehe ya Ijumaa ile ya Februari, wenye nembo ya taifa juu. Owen aliupokea, akautoboa, akaufungia na kuusahau, kwa sababu haukuwa na jambo lolote jipya kisheria. Ulisema: Mjibu Maombi anaondoa hoja ya pili ya pingamizi lake. Serikali inathibitisha kwamba Bwana Ezekieli Luseno, mwenye kitambulisho namba hii na hii, ni raia wake na yu hai. Sahihi ya Mbuthia. Muhuri mmoja wa mviringo, na chini yake, kana kwamba mtu alikumbuka dakika ya mwisho, muhuri wa pili wa mstatili.

Muhonja aliutazama mpaka herufi zikaanza kucheza.

"Hii," alisema, "nitoleeni nakala nane."

Kesho yake asubuhi walikuwa kwa Kasiva. Miaka sita ilikuwa imempa miwani nyingine na mnyororo uleule. Aliwakumbuka mara moja; alimwamkia hata marehemu.

Owen, aliyesisitiza kuwafuata, aliweka uamuzi wa Mahakama kwenye kaunta, kurasa thelathini na moja. "Soma aya ya kumi na tisa," alisema. "Mahakama ya kimataifa imeandika kwamba huyu mzee yu hai."

Kasiva alisoma aya ya kumi na tisa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akaenda ukurasa wa mwisho.

"Hapa wanasema hawana mamlaka."

"Juu ya kesi. Lakini aya ya kumi na tisa..."

"Wakili, kama hawana mamlaka, hiyo aya waliiandika kwa mamlaka gani?"

Owen aligeuza kurasa kurudi kwenye aya ile. Alikuwa amesoma sheria miaka sita na kuifanya miaka tisa, na Muhonja, aliyekuwa akimtazama kwa karibu, aliona kwamba hilo swali hakuwahi kulisoma popote. Akamsogeza pembeni kwa kiwiko. Akaweka ule ukurasa mmoja.

Kasiva aliuchukua bila hamu. Aliona nembo. Aliona muhuri wa mviringo, akaona na wa mstatili. Akavaa miwani vizuri, akaketi wima.

"Hii imetoka juu," alisema kwa sauti ya chini.

"Imetoka juu," Muhonja alikubali.

"Kwa nini hamkuileta tangu mwanzo?"

Watu wanaoijua familia hiyo wanasema hapo ndipo Muhonja alipotenda muujiza mkubwa kuliko wote wa kisa hiki: alinyamaza.

Kasiva aliingia ofisi ya ndani na ule ukurasa, akatoka. Akaingiza namba. Akabonyeza mahali, akabonyeza pengine, akamuuliza Luseno tarehe yake ya kuzaliwa, akaomba kidole gumba. Mashine ilifikiri. Muhonja aliitazama saa ya ukutani tangu alipoketi mpaka printa ilipotema karatasi, na ilikuwa dakika kumi na moja, mbili kati ya hizo karani akitafuta wino.

"Karibu tena, mzee," Kasiva alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

Luseno aliisoma karatasi, midomo ikitembea. Walipotoka nje, kwenye ngazi, alisimama ghafla kiasi kwamba watu waliokuwa nyuma walimgonga.

"Mama Jacky. Huyo Mbuthia ndiye aliyesema nimekufa, si ndiyo?"

"Ndiye."

"Na ndiye aliyesema niko hai."

"Ndiye."

"Na kesi ameshinda."

"Ameshinda kabisa."

Aliketi pale pale kwenye ngazi, mtu wa miaka hamsini na tisa aliyevaa koti la kwenda kanisani, akafunika uso kwa kofia na kulia. Muhonja aliketi kando yake. Hakumfinya safari hii. Askari wa mlangoni alikuja kuwaambia kwamba hapaketiwi, akawatazama, akarudi alikotoka.

Arusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi. Kulikuwa na manyunyu. Jacky alimshonea mama yake gauni la rangi ya maziwa lililombana makwapani, na Luseno alivaa suti ya mkwewe. Akina mama wa chama waliketi safu mbili nzima. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kanisa lile hakukuwa na mtu wa kupika chai, ikabidi walete ya chupa kutoka majumbani. Owen alikuja na mpiga picha.

Kasisi Javan alisoma utaratibu wote bila kuruka. Alipofika pale panapoulizwa kama kuna yeyote mwenye pingamizi, na kama analo aliseme sasa, aliinua macho na kungoja, kama inavyotakiwa.

Luseno aligeuka nyuma. Aliwapitia watu wote safu kwa safu, kutoka madhabahuni mpaka mlangoni, polepole, kama mtu anayekagua bolti. Kasisi alimngoja. Kwaya ilimngoja. Mtoto mmoja aliangusha sarafu ikabiringika chini ya viti.

"Hakuna," Luseno aliwatangazia. "Endelea, Kasisi."

Muhonja alicheka kwa sauti mbele ya altare, kitu ambacho kinakatazwa, na hakuna aliyemwonya.